Gari Rahisi la Kuvuka Nithi

Katika Kiswahili, gari rahisi ni magari mawili. Kuna gari lisilogharimu pesa nyingi, na kuna gari lisilo na mambo mengi: ukifungua boneti unaona kila kitu kilipo, na fundi wa sokoni anaweza kulifufua kwa spana tatu na kipande cha waya. Lugha imeweka bei na wepesi kwenye neno moja. Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru nayo iliviweka pamoja kwa miongo mingi. Magari yaliyodumu pale yalikuwa rahisi kwa maana zote mbili.

Nina sababu yangu ya kuifuata historia hii. Mimi na marafiki wawili tumechanga laki sita. Tunataka gari la kututoa Embu, litupandishe Meru, litushushe Isiolo, litufikishe Moyale mpakani, kisha liturudishe nyumbani. Hiyo ni karibu kilomita 1,400 kwenda na kurudi.

Kila tuliyemweleza alijibu kabla hatujamaliza kuuliza. Chukueni Land Cruiser. Mfuko ukikataa, tafuteni Prado ya zamani. Na hiyo ikishindikana, basi kaeni tu nyumbani. Hakuna aliyetaka kujua tutabeba nini, tutasafiri mwezi gani, wala barabara yenyewe ikoje siku hizi. Walikuwa wanajibu picha: gari refu, tairi la akiba mgongoni, jerikeni juu ya paa, vumbi nyuma. Picha hiyo ina historia yake, nitaifikia. Lakini watu wa Embu na Meru wamesafiri mbali miaka yote hii, na wengi wao hawakusafiri ndani ya hiyo picha.

*

Tuanze na kitu ambacho hakipo: reli. Gari moshi lilifika Thika mwaka 1913, halafu njia yake ikapanda upande wa magharibi wa Mlima Kenya hadi Nanyuki, ikafika huko 1930. Upande wetu wa mashariki haikuja. Mpaka leo hakuna treni iliyowahi kusimama Embu wala Meru mjini. Edward Horne, Mwingereza ambaye Wameru walimpa jina Kangangi, alipofungua kituo cha serikali Meru mwaka 1908, hakufika kwa gari moshi, na mizigo yake haikuletwa na reli. Tangu siku hizo, chochote kilichoingia au kutoka upande huu, iwe chumvi, mabati, kahawa, wagonjwa au wanafunzi, kimebebwa na watu, wanyama, au magurudumu ya mpira.

Na ardhi yenyewe haikusaidia. Mito inateremka kutoka mlimani kuelekea mashariki na kuchimba mabonde marefu: Rupingazi, Thuchi, Nithi, Mutonga, hadi Kathita pale Meru. Anayetoka Embu kwenda Meru hafuati mto hata mmoja. Anaikata yote. Anashuka, anavuka, anapanda, na kabla injini haijapumua anashuka tena. Kwenye ramani safari hiyo ni kama kilomita 130. Ongeza udongo mwekundu wa volkano, ambao mvua za Aprili zikiupiga unageuka sabuni. Sehemu ya Thuchi hadi Nkubu ilingoja lami mpaka miaka ya 1980. Kabla ya hapo, wengi waliokuwa na haraka ya kufika Nairobi kutoka Meru walizunguka mlima kupitia Timau na Nanyuki.

Kwa hiyo barabara hii ilikuwa na masharti yake. Gari liwe juu kidogo ya ardhi. Liwe na breki za kuaminika kwenye miteremko mirefu. Liwe jepesi kiasi kwamba abiria wakishuka wanaweza kulisukuma. Na likivunjika Chuka, litengenezwe Chuka, maana hakuna mtu atakayelifuata kutoka Nairobi.

*

Sasa ile picha. Land Rover ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1948, na haikuchukua muda serikali ya kikoloni ikaifanya gari lake la mashambani. Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilipotangazwa, Embu na Meru ziliingia vitani kwa sababu misitu ya Mlima Kenya ilikuwa kambi ya wapiganaji. Katika miaka hiyo, Landrova ilikuwa gari la DC na la polisi, gari linalopanda kijijini likija kuchukua mtu. Kizazi cha mashosho wetu hakikuisikia kama sauti ya matembezi.

Wakati huohuo, kilomita chache kutoka hapo, gari lilelile lilikuwa linajengewa jina lingine. George Adamson alikuwa askari mkuu wa wanyamapori wa mkoa wa kaskazini, makao yake Isiolo. Yeye na mkewe Joy walimlea simba jike aitwaye Elsa, wakampeleka porini Meru ili ajifunze kujitegemea. Elsa alikufa mwaka 1961, na kaburi lake liko ndani ya mbuga ya Meru, kando ya mto Ura. Kitabu cha Joy, Born Free, kilitoka 1960, na filamu yake 1966. Dunia nzima ikaziona picha za simba aliyejilaza juu ya paa la Landrova. Hapo ndipo gari la DC lilipogeuka kuwa gari la ndoto.

Sisemi Landrova ni gari baya. Chesi yake ni chuma kweli, bodi yake ni alumini isiyooza kwa kutu, na wako wazee huko Isiolo ambao hawatakubali uiguse kwa maneno. Ninachosema ni kwamba ilinunuliwa na serikali, na misheni, na miradi ya wafadhili. Aliyeiendesha mara nyingi hakuwa aliyelipa mafuta yake. Ukitaka kujua gari rahisi la safari ndefu ni lipi, waangalie wale wanaolipa mafuta wenyewe.

*

Mahali pa kwanza gari la kawaida lilipopimwa hadharani kwenye barabara zetu ni kwenye Safari Rally. Yalianza mwaka 1953, yakiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Ilikuwa shughuli ya walowezi, na mwafrika wa Embu alishiriki kama mtazamaji na msukuma magari. Lakini kanuni moja ya miaka ile inanipendeza kupita zote. Magari hayakupangwa kwa ukubwa wa injini. Yalipangwa kwa bei yake dukani. Gari la bei ya chini lilishindana na la bei ya chini, na kila mtu akaona shilingi yake imemfikisha wapi.

Mwaka wa kwanza hakukuwa na mshindi wa jumla. Mwaka wa pili, 1954, aliyeshinda wote alikuwa Vic Preston, akiendesha Volkswagen Beetle: gari la wafanyakazi, lisilo na redieta kwa kuwa injini yake inapozwa na upepo, na lisilofika hata kilo 800. Beetle ikashinda tena 1957, na tena 1962. Halafu ikaja zamu ya Peugeot 404. Ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968.

Mashindano hayo yalipangwa wakati wa Pasaka ili mvua isikose. Njia zake zilizunguka Mlima Kenya mara nyingi, zikipita Embu na Meru, na tope letu likawa mtihani. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka Nairobi. Yaliyomaliza ni 7. Mbele yao wote kulikuwa na 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, gari ambalo tajiri wa kahawa angeweza kuingia duka la Nairobi na kununua la aina yake. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na nduguye Jaswant wakawapita wote kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa mtumba: gari la mashindano ambalo lilikwisha kutumiwa na wengine kabla ya kufika mikononi mwao.

Fikiria mkulima wa Runyenjes aliyesimama kwenye ukingo wa barabara siku hizo. Hakuhitaji kusoma gazeti la magari. Aliona kwa macho yake ni gari gani lililotokea kwenye kona likiwa limejaa tope na bado linaenda, na ni lipi lililolala mtaroni. Hakuna tangazo la biashara lingeweza kumwambia zaidi ya hapo. Baada ya mashindano, alijua jina la gari la kutafuta akipata pesa.

*

Na pesa zilikuja, kwa muda. Embu, Meru na Kisii ndizo sehemu ambazo serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kujaribu kulima kahawa katika miaka ya 1930, kwa masharti makali. Kufikia uhuru, kahawa ilikuwa imeshika vilima vyote vya kati. Baridi kali ilipoua mikahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikapaa, na 1976 na 1977 zikakumbukwa kama miaka ya neema. Pikapu ya Peugeot ikawa moja ya vitu vilivyoonyesha kwamba kahawa imelipa.

Peugeot 504, mrithi wa 404, ilizaliwa Ufaransa mwaka 1968. Ilishinda Safari mwaka 1975, ikashinda tena 1978 kwa umbo la kupe. Lakini ushindi wake mkubwa kwetu ulikuwa stendi. Juni 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za usafiri wa umma. Kila mwenye gari la kubeba watu akaingia barabarani. 504 ya familia, ile ndefu yenye safu tatu za viti, ilitengenezwa kwa watu saba pamoja na dereva. Ikawa gari la mbali. Ulilikuta linasubiri kujaa, na neno kujaa lilikuwa na maana pana kuliko ile ya Mfaransa.

Kwa nini hii na si nyingine? Jibu liko chini ya gari. Springi zake zilikuwa ndefu na laini, kwa hiyo shimo lililovunja gari lingine, hii ililimeza. Injini yake haikuwa na makuu: kabureta, plagi nne, pampu ya maji ambayo fundi anaweza kuifungua bila kusoma kitabu. Kisha likaja jambo kubwa zaidi. Kiwanda cha AVA cha Mombasa, kilichoanzishwa miaka ya 1970, kiliunganisha Peugeot hapahapa Kenya, na kikaendelea hadi mapema miaka ya 2000, wakati Wafaransa wenyewe walikuwa wameacha 504 ya saluni tangu 1983. Miaka ishirini baada ya gari kustaafu kwao, kwetu bado lilikuwa jipya.

Maana yake ni spea. Sehemu ya Nairobi ambayo wengi bado wanaiita Grogan, pale Kirinyaga Road, ilijaa milango, gia, na ekseli za Peugeot zilizotolewa kwenye Peugeot zilizokufa. Gari moja likifa lilifufua manne. Kijana aliyejifunza ufundi chini ya mti Embu alijifunza kwa 404, na mkono uliozoea 404 haukuhangaika na 504. Ujuzi ulikuwa umetapakaa barabarani kote, na huo ndio uliolifanya gari kuwa rahisi. Bei ya kununua ni ya siku moja. Bei ya kuwa na gari ni ya kila siku, na kwa Peugeot hiyo bei iliendelea kushuka kadiri zilivyozidi kuwa nyingi.

Kuna boma moja karibu na kwetu ambako pikapu ya 404 imelala kwenye migomba tangu sijazaliwa. Kuku wanataga ndani yake. Lakini ukitazama vizuri, haina redieta, haina jenereta, haina hata kioo cha pembeni. Vyote viko barabarani kwingine, kwenye pikapu za watu wengine.

*

Zao lililobadilisha hesabu ni miraa. Kahawa inaweza kungoja. Ukichelewa siku mbili na gunia la kahawa, bado ni kahawa. Miraa ya Igembe ikikatwa asubuhi, ikafungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke, ina siku mbili tatu hivi kabla nguvu yake haijapotea na bei yake haijaanguka. Kutoka Maua hadi Nairobi ni karibu kilomita 280. Mbele ya Nairobi kuna ndege za Wilson, na mbele ya ndege kuna Mogadishu. Kila saa ina bei.

Kwa hiyo Wameru wakaanza kuchagua gari kwa saa. Hilux, pikapu ya Toyota ambayo pia ilizaliwa 1968, ikawa gari la miraa. Maturubai yakafungwa, magunia yakapangwa mpaka juu ya paa la kabini, na alasiri zikaonekana zikiteremka kutoka Nyambene zikiwa zimefuatana. Mwanaanthropolojia Neil Carrier, aliyeandika kitabu kizima juu ya miraa ya Kenya mwaka 2007, aliwapa madereva hao nafasi yao kwenye hadithi hiyo, maana bila wao jani ni jani tu. Kila mtu aliyekulia kando ya barabara ile anajua kanuni: ukiona taa za pikapu ya miraa kwenye kioo, unampisha.

Halafu mwaka 1993 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa na ya fedha za kigeni, na mtumba wa Japani ukafunguka kama mvua. Huko Japani ukaguzi wa magari ni ghali, na gari linapoendelea kuzeeka mwenyewe huona ni afadhali aliuze. Kenya nayo ikaweka sheria ya miaka minane: gari lililozidi umri huo haliingii. Kati ya ukaguzi wao na sheria yetu, kukawa na mkondo wa magari ya miaka sita, saba, nane, yanayoshuka Mombasa kila wiki.

Ndani ya mkondo huo ikaja Probox. Toyota iliitoa mwaka 2002 kwa ajili ya makampuni ya Japani: watu wa mauzo, watu wa kupeleka vifurushi. Hakuna aliyejaribu kuipendezesha. Ni sanduku lenye magurudumu. Viti vya nyuma hulala chini kabisa. Kwenye dashibodi kuna kimeza kidogo cha kuvuta nje, ili mfanyakazi aweke chakula chake cha mchana au karatasi zake. Injini yake ya lita 1.5 ni ileile inayopatikana kwenye Vitz, Fielder na ndugu zao wengi, na jambo hilo peke yake lina uzito kuliko yote niliyotaja. Chuka, Nkubu, Isiolo: popote penye teksi ya Fielder, spea ya Probox ipo. Ni Peugeot mara ya pili.

Meru iliichukua Probox ikaifanya yake, mpaka utani wote wa Kenya kuhusu gari hilo una lafudhi ya Kimeru. Na Embu haikubaki nyuma, kwa sababu Mbeere hulima muguka, binamu wa miraa, majani laini yanayokauka haraka zaidi na yanayouzwa kwa bei ya chini. Soko lake kubwa liko Pwani. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipotangaza kuipiga muguka marufuku, Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha marufuku hiyo kwa muda, na watu wa Nairobi wakashangaa majani yanaweza kuleta kelele zote hizo. Mtu wa Embu hakushangaa. Alijua kila usiku kuna magari madogo yanayotoka kwao kwenda Mombasa, karibu kilomita 600, na kurudi.

Hiyo, kwa maoni yangu, ni safari ndefu ya nchi kavu kuliko nyingi zinazopigwa picha. Tofauti ni kwamba hakuna anayeiita hivyo.

*

Lakini hapa lazima tuulize swali ambalo neno rahisi linalificha. Rahisi kwa nani?

Probox ya aina ya mizigo iliruhusiwa Japani kubeba kilo 400. Ile ya miraa hubeba zaidi, kila mtu ameona. Ili iweze, fundi huongeza springi nyuma. Ndiyo maana Probox nyingi za huko, zikiwa tupu, zinasimama zimeinua makalio kama mbuzi anayepanda jabali. Springi imekubali uzito, lakini breki ni zilezile za Toyota, tairi ni zilezile, na dereva ni yuleyule ambaye hakulala jana. Sehemu ya bei nafuu ya jani hilo inalipwa na mwili wake. Inalipwa pia na anayekutana naye kwenye kona.

Marufuku za nje zilionyesha jinsi hesabu hiyo ilivyo nyembamba. Uholanzi ilifunga soko la miraa 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, Somalia ikasimamisha kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Kila soko likifungwa, faida inapungua, na kitu rahisi cha kupunguza pamoja nayo ni matengenezo. Tairi lililopaswa kubadilishwa mwezi huu linasogezwa mpaka mwezi ujao.

Nithi haisogezwi. Barabara inateremka kwa muda mrefu, kisha inapinda ghafla kuingia darajani. Gari lililotumia breki zake zote juu halina kitu chini. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru likielekea Mombasa liliruka kingo za daraja hilo, na watu zaidi ya 30 wakafa. Haikuwa mara ya kwanza pale. Wenyeji wanaijua Nithi kwa majina ya watu waliowazika. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na kawaida tunaitumia methali hiyo kumcheka mtu aliyenunua simu feki. Kwenye daraja hili haichekeshi.

Nimeisoma historia hii kutoka Beetle hadi Probox, na naona kila zama ilipata gari lake rahisi, halafu ikalipakia mpaka likaacha kuwa rahisi. 504 ya watu saba ikabeba kumi na zaidi. Hilux ikabeba mpaka juu ya kabini. Gari halikukosea. Lilikuwa limechaguliwa vizuri na watu waliojua barabara yao, na baadaye likaombwa kitu ambacho halikutengenezewa.

*

Turudi kwa laki sita zetu na Moyale.

Wale waliotuambia Land Cruiser walikuwa wanaikumbuka barabara ya kweli. Hadi muongo uliopita, lami iliisha Isiolo, kwenye kizuizi cha polisi. Kutoka hapo hadi Moyale ni kama kilomita 500, na zilikuwa kilomita za changarawe yenye mawimbi, aina inayotikisa gari mpaka nati zinafunguka zenyewe. Kulikuwa na ujambazi, na miaka mingi magari yalipita kwa msafara wenye walinzi. Watu wa kawaida walipanda juu ya malori ya mifugo, wakashika mabomba ya chuma, wakala vumbi siku mbili au tatu. Wazungu waliokuwa wakitoka London kwenda Cape Town walikuja na Landrova zao, na kwa barabara ile nisingewalaumu.

Kisha, kuanzia 2007, lami ikaanza kusogea kaskazini kipande kwa kipande: kwanza kuelekea Merille, halafu Marsabit, halafu mpaka mpakani. Kufikia 2017 ilikuwa imekamilika. Leo unaweza kula kiamshakinywa Isiolo na chakula cha jioni Moyale. Picha ya jerikeni juu ya paa imebaki, lakini barabara iliyoizaa imeondoka. Kununua gari la magurudumu manne ya kuvuta kwa safari hii ni kulipia tope ambalo halipo. Kama tungekuwa tunakata jangwa la Chalbi kwenda Loiyangalani, jibu langu lingekuwa lingine. Hatuendi huko. Wala pikipiki, ambayo tangu serikali ilipoondoa ushuru wake mwaka 2008 imekuwa chombo rahisi kuliko vyote, haitutoshi watu watatu na hema.

Kwa hiyo tumechagua Probox. Ile ya 1.5, gia za mkono, ambayo imekwisha zunguka Kenya miaka kadhaa. Tumetenga laki nne na nusu za kununua. Laki moja na nusu iliyobaki haiguswi na mtu: ni ya tairi nne mpya na la akiba, pedi na mafuta ya breki, shokamzoba, bima, petroli. Marafiki zangu walitaka gari la laki tano na nusu, lenye rangi nzuri. Nikawaonyesha barabara ya Nithi kwenye ramani, tukaelewana.

Wauzaji wengi watatuletea zilizofanya kazi ya miraa, na hilo halinitishi. Tutaangalia kama imeinuka nyuma. Ikiwa imeinuka, tutakata bei, kisha tutaipeleka kwa fundi Embu atoe zile springi za ziada na kurudisha zile ilizokuja nazo. Watu watatu, mahema, maji lita arobaini, jiko, sanduku la spana: tumepiga hesabu, na hata tukijipima na nguo zetu hatufiki kilo 400. Tutasafiri mchana. Tukifika juu ya Nithi tutashuka kwa gia ya pili, na mwenye haraka nyuma yetu tutampisha.